Joho la Ukoo na Nyundo ya Magome

Waandishi wa historia ya nchi zetu wameshughulika zaidi na falme, vita, misafara na vyama. Nguo wamezitaja njiani tu, kama mtu ataje mvua iliyonyesha siku ile. Hata hivyo, katika nchi zilizo magharibi ya Ziwa Viktoria, yaani Usubi, Uzinza, Karagwe, Buhaya, Bushubi na Bugufi, ni mashauri machache makubwa yaliyokatwa bila nguo kukunjuliwa. Mgeni aliomba njia kwa nguo, mtawala alijulikana kwa nguo, na maiti alisitiriwa kwa nguo. Katika makala haya tunakusudia kueleza habari za vazi moja, nalo ni joho, jinsi lilivyotoka pwani likafika katika nyumba za Biharamulo na Ngara na kugeuka urithi wa ukoo. Na kwa kuwa joho halikuwakuta watu wa nchi hizi wakiwa uchi, hatuna budi kuanza na mavazi yaliyolitangulia.

Wafugaji walivaa ngozi. Ngozi ya ng'ombe au ya mbuzi ilikunwa, ikapakwa siagi, ikasuguliwa kwa mikono siku nyingi hata ikalainika na kulala mwilini kama kitambaa. Wenye migomba, hasa Buhaya na Buganda, na pia Rwanda, Burundi na Bugufi ambayo leo ni sehemu ya Wilaya ya Ngara, walivaa nguo ya gome la mti. Wahaya na Waganda huiita lubugo. Katika Kinyarwanda jina lake ni impuzu, na jambo la kuzingatia ni kwamba katika Kirundi, lugha iliyo ndugu wa karibu wa Kihangaza cha Ngara, neno hilohilo leo ni nguo ya aina yoyote ile, hata suruali ya mitumba iliyoshushwa jana sokoni. Gome limekwisha kutoweka mwilini, lakini jina lake limekataa kutoka mdomoni.

Mti wenyewe ni wa jamii ya mkuyu. Waganda huuita mutuba, na wataalamu wa mimea wameupa jina la Ficus natalensis. Haupandwi kwa mbegu: tawi hukatwa na kuchomekwa ardhini, nalo huchipua upesi, na kwa sababu hiyo ulipandwa pia kuwa ua wa boma na mpaka wa shamba. Fundi huungojea wakati wa mvua, utomvu unapokuwa mwingi. Hukata duara chini ya shina na duara jingine juu, kisha huchana mstari mmoja wa wima, akaliambua gome taratibu lisipasuke. Papo hapo shina lililobaki tupu hufungwa majani ya mgomba, lisiunguzwe na jua, nalo baada ya muda huota gome jipya. Gome lililotolewa hulainishwa kwa moto au kwa mvuke, likalazwa juu ya gogo na kupondwa kwa nyundo za mti zenye mifuo. Huanza nyundo ya mifuo mipana, hufuata ya mifuo ya kati, na humalizia ile ya mifuo myembamba kabisa. Kipande kilichoanza kikiwa na upana wa shina huzidi kutanuka chini ya mapigo hadi kikatosha kumfunika mtu mzima. Mwisho huanikwa juani, kimewekewa mawe pembezoni kisijikunje, na jua ndilo linalokitia ile rangi ya udongo mwekundu inayopendwa.

Gome la kwanza la mti mchanga ni baya. Huwa gumu na lenye matundu. Kadiri mti unavyovuliwa mara nyingi ndivyo nguo yake inavyozidi kuwa laini, na mti mmoja uliotunzwa vema huweza kumvisha mtu, na mwanawe baada yake, kwa miongo kadhaa. Sisi tunaona kuwa sifa hiyo ndiyo iliyoamua namna ya kurithi. Nguo yenyewe haikurithiwa. Haivumilii kufuliwa, maji huilegeza, na mtu aliyeivaa kila siku aliichakaza upesi. Aliyekufa alizungushiwa nguo ya gome na kwenda nayo kaburini, na wingi wa nguo alizofungiwa ulikuwa kipimo cha heshima yake. Huko Buganda hadi leo, siku ya kumaliza matanga, mrithi huvishwa lubugo mabegani mbele ya ukoo. Yeye hatwai vazi la marehemu, kwa kuwa la marehemu limekwisha lala naye. Huvishwa jingine lililotoka katika mti. Ndiyo kusema, kilichopita kutoka mkono hadi mkono kilikuwa mti na nyundo, pamoja na ujuzi wa kuvitumia.

Sasa tulitazame joho. Asili ya neno hili si vazi, bali ni kitambaa. Ni jina la sufu nzito iliyofumwa na kubanwa hadi nyuzi zake zisionekane, na neno limetujia kutoka kwa Waarabu, ambao nao walilipata kwa Waturuki. Kwa desturi ya lugha, jina la kitambaa likahamia kwenye vazi lililoshonwa kwacho. Huko Unguja, Mombasa na Lamu, joho lilivaliwa juu ya kanzu, likiwa wazi kifuani, mikono mipana, kingo zake zimetariziwa zari. Lilikuwa vazi la liwali, kadhi na tajiri. Mtu hakulivaa kwa sababu ya baridi, kwani pwani haina baridi ya kuhitaji sufu. Alilivaa ili asimame barazani na watu wajue nani amesimama.

Wazungu nao wanalo vazi la namna hiyo, ambalo hulivaa nyumbani asubuhi kabla ya kujitengeneza, na huonekana katika picha zao wakiwa nalo mezani kwa chai. Msomaji asidhani kuwa ni lao tangu asili. Walilipata Mashariki katika karne ya 17 kwa njia ya biashara zao za Uhindi na Ujapani, na Waingereza waliliita banyan, kwa jina lilelile la wafanyabiashara wa Gujarat ambao sisi huku tunawaita Mabaniani. Kumbe bahari moja ilimvisha tajiri wa London sebuleni mwake na liwali wa Unguja barazani pake.

Njia ya joho kuja kwetu ilikuwa njia ya pembe za ndovu. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapitia Tabora, na kutoka Tabora mkono mmoja wa njia ulielekea kaskazini, ukapita Uzinza na Usubi hadi Karagwe. Wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na ikulu ya Karagwe iliyokuwa Bweranyange. Shehena yao kubwa ilikuwa nguo. Ilikuwapo merikani, ambayo jina lake linatueleza ilikotoka, kwani mabaharia wa Salem waliileta Unguja kwa wingi baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said. Ilikuwapo kaniki nyeusi ya Uhindi. Na juu ya hizo zilikuwapo nguo za thamani zilizofungwa peke yake ndani ya mizigo ili zisionwe na kila mtu: deuli za hariri, na joho.

Mwingereza Speke alipita njia hiyo mwaka 1861, na habari za safari yake, tukizisoma kwa jicho letu wenyewe, ni habari za nguo kuliko za mto. Katika Uzinza, wakuu wawili, Makaka na Lumeresi, walishikilia kudai deuli, ambazo msafiri huyo alikuwa akiziweka kwa ajili ya wafalme wa mbele. Ikawa ni mashindano ya siku nyingi, huyu anaficha na hawa wanangoja. Alipoingia Usubi, nchi ambayo yeye aliiandika Usui na ambayo leo kwa sehemu kubwa ni Biharamulo, Mfalme Suwarora alimtoza hongo kubwa kwa mikono ya maofisa wake pasipo hata kuonana naye uso kwa uso. Speke amewaandika watu hawa kama walafi. Sisi hatukubaliani naye. Mtawala wa bara hakuwa na bandari wala jahazi. Alichokuwa nacho ni njia. Nguo aliyoitoza haikuwa ya kufunika mgongo wake peke yake, bali aliigawa kwa wakuu walio chini yake, na kwa ugawaji huo alijulikana kuwa ndiye mlango wa pwani. Serikali za leo zinapotoza ushuru mpakani Rusumo hakuna anayeziita lafi.

Tarehe 25 Novemba, 1861, Speke alifika kwa Rumanyika wa Karagwe. Miongoni mwa zawadi alizompa lilikuwamo koti la Kizungu, na yadi 5 za sufu nzito nyekundu. Sufu hiyo ndiyo joho lenyewe kabla halijashonwa. Twaweza kusema kwamba hapo, kwa upande wetu, yalikutana mapokeo mawili: upande mmoja nguo iliyotoka mtini na kurudi udongoni pamoja na mwenyewe, upande wa pili nguo iliyotoka ng'ambo, ambayo haikuweza kutengenezwa hapa, na iliyopotea haikuwa na mbadala. Joho likawa la kurithiwa kwa sababu lilikuwa la shida kupatikana. Dini pia iliingia humo, kwani Mwislamu huzikwa kwa sanda nyeupe, na joho lake hubaki ukutani likingoja mwingine.

Yaliyofuata tutayapitia kwa haraka. Wajerumani walikuja, wakajenga boma Biharamulo mwanzoni mwa karne ya 20, nalo lingali limesimama. Ikaja kodi ya fedha, na pamoja na fedha yakaja maduka ya Wahindi na fundi mwenye cherehani akikaa barazani. Nguo ya duka ikawa rahisi kuliko siku tatu za kuponda gome, na ya gome ikaanza kuonwa kuwa ya ushamba. Waingereza, walipoanzisha utawala kwa njia ya machifu katika miaka ya 1920, waliwakuta machifu wengi wamekwisha penda joho na kanzu, nao wakaona vema iwe hivyo, kwani mtu aliyevaa joho aliwafaa katika picha na katika baraza. Polepole wakuu wadogo waliwaiga machifu, na wazee wa baraza wakawaiga wakuu wadogo. Kisha, mwaka 1963, Tanganyika huru ilifuta mamlaka ya machifu. Cheo kiliondoka siku moja. Vazi halikuondoka. Majoho yaliyokuwa ya baraza yaliingia katika masanduku ya nyumbani, na tangu hapo yakawa mali ya ukoo.

Katika ukoo wetu, ulio Nemba, wilayani Biharamulo, limo joho moja la namna hiyo. Rangi yake ilikuwa nyekundu, na sasa mabegani imefifia kuwa ya kutu. Zari ya kifuani imekatika upande wa kushoto, na ndani pana bitana ya merikani iliyotiwa viraka mara mbili kwa mikono tofauti: kiraka kimoja cha mishono midogo iliyonyooka, kingine cha mishono mirefu ya mtu mwenye haraka. Wazee wetu walitusimulia kuwa joho hili alipewa babu wa babu yetu na msafara wa pwani, kabla ya Mjerumani, kuwa malipo ya kuwaonyesha njia. Ni hadithi nzuri, na inasimuliwa kwa ufasaha. Lakini mishono ya pembeni ni ya cherehani tangu juu hadi chini, na kola yake imekatwa kama walivyokata mafundi wa madukani. Kwa maoni yetu lilishonwa mjini wakati wa Waingereza, babu yetu alipokuwa mzee wa baraza, na huenda lilimgharimu mbuzi kadhaa. Baba mkubwa hakupendezwa tulipomwambia hayo. Alisema cherehani haijui mambo ya ukoo.

Tumelitafakari jibu lake, na tumeona lina maana. Joho lililonunuliwa dukani halina aibu yoyote, lakini haliwezi kumpa mtu babu aliyesimama sawa na watu wa pwani akapokea malipo kwa ujuzi wake wa njia. Ukoo ulihitaji babu wa namna hiyo katika miaka ile ambapo karani yeyote wa kigeni aliweza kumwita mzee "boi". Kwa hiyo hadithi ilishonwa juu ya vazi kama bitana. Mwanahistoria anayo kazi ya kuibandua bitana hiyo, ila asiitupe, kwani nayo ni kumbukumbu ya jambo lililotokea, ijapokuwa si jambo lile linalosimuliwa.

Pamoja na joho hilo, ukoo ulikuwa na kitu kingine. Babu wa babu yetu alihamia Nemba kutoka upande wa Ngara, naye alikuwa fundi wa kuponda magome. Alikuja na nyundo zake, na katika boma alilolianzisha alichomeka matawi ya mti wa magome kuzunguka ua. Hili halisimuliwi. Watoto wa ukoo wote waijua habari ya msafara. Tuliouliza habari za nyundo tuliambiwa kwa mkato kwamba watu wa zamani walikuwa na taabu. Hapo ndipo tunapoona hasara. Vazi la ng'ambo, lililokuja tayari limefumwa na wengine, limepewa sanduku la mbao, kafuri na sala. Ufundi wetu wenyewe, uliojua kumvua mti nguo bila kumwua, tumeuonea haya.

Operesheni Vijiji, kati ya mwaka 1973 na 1976, iliwahamisha watu wengi wa nchi hii kutoka maboma yaliyotawanyika na kuwaweka pamoja vijijini. Faida zake na madhara yake yamekwisha andikwa na wengine. Sisi twataja jambo moja dogo: mtu anayehama huchukua kinachochukulika. Ukoo wetu ulichukua sanduku, na joho likiwamo. Miti haichukuliki. Ilibaki kule kwenye boma la zamani, na kwa kuwa haikuwa na mtu wa kuivua, iliota minene, gome likawa kama la miti mingine ya porini. Anayepita leo asiyejua huona duara la mikuyu na hustaajabu kwa nini mikuyu imeota kwa mpangilio. Katika sehemu nyingi za Kagera miti ya namna hii ndiyo hati pekee ya shamba la kale, na wazee huitumia hata sasa kushuhudia mipaka mbele ya mabaraza ya ardhi.

Majirani zetu wa Uganda walifanya vingine. Ufundi wao haukufa kabisa, na mwaka 2005 UNESCO iliutangaza kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu, kisha mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha yake ya urithi usioshikika. Kilichoheshimiwa hapo ni mkono wa fundi, wala si kitambaa kilichohifadhiwa kabatini, na tunafikiri waliamua vema. Huku kwetu joho lenyewe limepata maisha mapya ya ajabu kidogo. Bwana harusi wa pwani hulivaa siku yake. Hakimu analo lake. Na mwanafunzi wa chuo kikuu huvaa joho siku ya kupewa shahada, ambalo mara nyingi amelikodi na hulirudisha kabla jasho halijakauka. Wahenga waliisema vibaya nguo ya kuazima, lakini hawakuona jinsi mama zetu wanavyolia kwa furaha mbele ya joho la kukodi.

Baada ya baba mkubwa kufariki, wanaukoo walikutana kuanua matanga na kugawa vitu. Shauri la joho lilichukua mchana kutwa. Nyumba ya kwanza ilidai kwa haki ya uzaliwa. Nyumba ya pili ilidai kwa kuwa ndiyo iliyolitunza na kulianika kila kiangazi lisiliwe na nondo. Alikuwapo kijana aliyetaka lipelekwe mjini liuzwe kwa wapenda vitu vya kale, naye aliambiwa anyamaze. Mzee mmoja alitoa rai likatwe mapande mawili, na kwa muda mfupi tuliogopa kwamba rai hiyo ingepita. Mwisho ilikubaliwa likae katika nyumba ya kwanza, na nyumba ya pili iwe na haki ya kuliazima katika kila harusi na kila msiba, lirudishwe siku ya saba. Yaliandikwa hayo katika daftari na kutiwa sahihi.

Nyundo za magome zilikuwa tatu. Mbili hazikuonekana tena baada ya kuhama. Ya tatu, ile ya mifuo myembamba, ilikutwa jikoni kwa shangazi yetu, imeshika masizi, nayo ilikuwa ikitumiwa kupondea karanga. Haikutajwa katika mgawo, kwa kuwa hakuna aliyeihesabu kuwa mali. Jioni, watu walipokuwa wakitawanyika, binti wa shangazi aliiomba, akaambiwa achukue. Aliiosha kwa maji ya moto hata mifuo ikaonekana. Siku chache baadaye alikwenda kwenye boma la zamani na panga, akakata matawi manne kutoka katika ule mti ulio karibu na njia, akayachomeka nyuma ya nyumba yake. Mvua za vuli zilipokwisha, matatu yalikuwa yamechipua.